Panda Kwenye Panda ya Mti

Safari ya kwanza ilikuwa Wrocław.
Treni ya alfajiri kutoka Kutno,
unga wa mikate bado umenikaa kwenye nyusi,
na Jagna, miaka saba, kofia ya sufi imemshuka hadi puani,
kila kituo anauliza: Ndiyo hapa?

Ndipo. Tukakata tiketi, tukampita tembo
bila hata kumjulia hali,
tukawapita twiga waliofungiwa ndani kwa baridi,
maana aliyetuita hakuwa na shingo wala pembe;
alikuwa na mkia wa pete pete
na uso kama wa paka aliyechovya maziwa akasahau kujipangusa.

Alikuwa amelala.
Panda mwekundu kwenye panda ya mti,
miguu minne inaning'inia kama soksi kambani.
Aliyepewa jina la kupanda, hapandi.
Nikapiga mluzi. Nikautikisa uzio,
mlinzi akanikata jicho,
naye Jagna akanivuta koti:
Baba, usimwamshe.

Kraków, Februari: amelala.
Warszawa tuliuona mkia peke yake
ukichungulia kwenye kiota cha mbao.
Jagna akazihesabu pete, akaandika daftarini: saba, labda nane.
Poznań alikuwa kwa daktari.
Tukala mkate na tango la siki mbele ya picha yake,
tukarudi.

Niseme kazi yangu, isije ikadhaniwa nina siku za kuchezea:
naoka mikate.
Watu wakijifunika, mimi nakoleza tanuri;
wakiamka, ndipo navua viatu.
Mama yake yuko Norwe, kiwandani, anapasua samaki,
hupiga simu Jumatano, vidole vimekufa ganzi.
Kwa hiyo Jumapili ni yangu,
nami nina ahadi moja tu niliyoweza kuinunua kwa nauli.

Ndani ya treni ya kutoka Poznań nilimwambia:
Pole, mwanangu. Pesa yote hii, kutazama usingizi.
Hakuinua uso kwenye daftari.
Mimi najua kumtazama aliyelala, alisema.
Kila siku nikitoka shule nakutazama wewe.

Unatazama nini?

Kidole chako kinaruka.
Midomo yako inahesabu mikate.
Ukigeukia ukutani najua ni saa tisa,
napasha supu.

Nikayatazama mashamba ya viazi,
moja baada ya jingine, meusi, yamelowa,
hadi mkagua tiketi aliponigusa bega
kuniuliza mara ya pili.

Aprili tukaenda Płock.
Bustani iko juu ya mto Wisła, na mto ulikuwa umefura,
umebeba matawi na kiti kimoja cha plastiki.
Nikakaa kwenye benchi mbele ya uzio.
Nayapumzisha macho tu, nikasema,
dakika mbili.

Nilipozinduka, koti lake lilikuwa magotini pangu,
naye amesimama na sweta, midomo ya buluu.
Juu, kwenye mti, tonge la kutu limejikunja
vilevile, kama siku zote.

Aliamka, alisema Jagna.
Alishuka kichwa mbele.
Alikamata jani la mwanzi kama babu anavyokamata sigara,
akalitafuna lote,
kisha akaja hapa, hapa kabisa,
akakutazama. Muda mrefu, Baba.

Na hukuniamsha!

Akanishangaa, kama niliyeuliza
kwa nini maji hayapandi kilima.

Nikamvika koti, nikamfunga vifungo hadi kidevuni,
mikono yangu ikitetemeka kuliko yake.
Ndipo akanionyesha daftari.
Panda hakuwemo.
Alikuwa amenichora mimi, chali kwenye benchi,
mdomo wazi,
na mkia mrefu umeangukia kwenye nyasi.
Nikazihesabu pete. Ya mwisho ilikuwa tupu.
Penseli nyekundu imekwisha, alisema.
Tutanunua nyingine stesheni.